Weir Mitchell, Daktari Aliyeyasadiki Maumivu ya Askari

Historia ya vita imezoea kuhesabu majemadari. Watoto wa shule hufundishwa majina ya walioteka miji na waliovuka mito, na majina hayo huchongwa juu ya mawe ili yasisahaulike. Lakini ipo safu nyingine ya watu wa vita ambayo haipigiwi saluti mara nyingi, nayo ni safu ya waganga. Leo, wasomaji wetu wapenzi, tumeonelea vema tuwaletee maisha ya mmoja wao, Daktari Silas Weir Mitchell wa Marekani, aliyefariki dunia zaidi ya miaka 100 iliyopita. Huyu ndiye aliyekaa kando ya vitanda vya askari waliopigwa risasi katika mishipa ya fahamu, akasikiliza habari za moto usioonekana kwa macho, akaziandika jinsi zilivyo. Kazi aliyoianza haijamalizika hata sasa, na dawa zinazotumika siku hizi kwa maumivu ya aina ile zimetoka mahali ambapo yeye mwenyewe asingepakisia.

Mitchell alizaliwa tarehe 15 Februari, 1829, katika mji wa Philadelphia. Baba yake, John Kearsley Mitchell, alikuwa daktari na mwalimu wa madaktari, na kijana akafuata nyayo hizo. Alihitimu katika Chuo cha Uganga cha Jefferson mwaka 1850, kisha akavuka bahari kwenda Paris, ambako alipata kusikiliza mafundisho ya Claude Bernard, bingwa mkubwa wa elimu ya viungo na kazi zake. Kutoka kwake alijifunza kwamba mganga hapaswi kutosheka na kukisia, bali apime na kujaribu. Aliporudi nyumbani alianza kuchunguza sumu ya yule nyoka wa Marekani anayetikisa mkia wake kama njuga, na mwaka 1860 akatoa kitabu juu ya uchunguzi huo. Ilikuwa kazi ya hatari na ya subira, lakini ilimzoeza kutazama kwa makini jinsi sumu inavyoharibu mwili hatua kwa hatua.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka baina ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini. Mwaka uliofuata msiba ukaingia nyumbani kwa Mitchell: mkewe, Mary, alifariki kwa ugonjwa wa dondakoo, akamwachia wana wawili wadogo. Katika majonzi hayo alishika kazi ya daktari wa mkataba katika hospitali za jeshi la Kaskazini pale Philadelphia. Hakuwa afisa mwenye cheo cha kudumu. Alikuwa raia aliyekodiwa kuwatibu askari, na jioni alirudi kwa wagonjwa wake wa kawaida ili apate riziki ya wanawe.

Yafaa msomaji aelewe ni vita vya namna gani. Risasi ya siku zile ilikuwa kipande kizito cha risasi laini chenye umbo la yai lililochongoka. Ilipompiga mtu ilipanuka, ikavunja mfupa vipande vipande na kuchana nyama na mishipa iliyo njiani. Waliopigwa tumboni walikufa wengi. Waliopigwa mkono au mguu walikatwa kiungo, au walipona kwa nje huku mishipa ya fahamu ikiwa imejeruhiwa ndani. Hao wa mwisho walikuwa fumbo kwa waganga wote. Jeraha lilikuwa limefunga, kovu limekauka, lakini mtu alilia usiku kucha.

Mganga Mkuu wa jeshi la Kaskazini wakati huo alikuwa William Hammond, rafiki wa Mitchell wa siku nyingi, ambaye alikuwa amesaidiana naye hapo awali katika utafiti. Hammond alikubali wagonjwa wote wa namna hiyo wakusanywe mahali pamoja ili wachunguzwe. Hivyo ikaanzishwa hospitali ya Turner's Lane, pembezoni mwa mji wa Philadelphia, yenye vitanda 400. Baada ya mapigano ya Gettysburg ya tarehe 1 hadi 3 Julai, 1863, majeruhi walimiminika. Mitchell alifanya kazi hapo pamoja na madaktari wenzake wawili, George Morehouse na kijana William Keen. Waliandika habari za kila mgonjwa kwa urefu: alisimama vipi alipopigwa, alihisi nini kwanza, ngozi imebadilika rangi gani, kidole kipi kinapinda na kipi hakipindi.

Katika madaftari hayo ndimo yalimozaliwa maelezo ya ugonjwa ambao Mitchell aliuita kausalgia, neno lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya joto na maumivu. Mgonjwa alihisi kama kiganja chake kimewekwa juu ya makaa, au kama unyayo wake unapigwa tupa ya moto. Ngozi ilikuwa nyekundu, nyembamba na yenye kung'aa. Hakuvumilia kuguswa. Mlio wa gazeti linalofunguliwa, hatua za mtu anayepita wodini, mtikisiko wa ngoma za bendi ya jeshi, vyote vilimtesa. Askari hao walitembea wakiwa wameushika mkono uliofungwa vitambaa vibichi, na chupa ya maji mkononi mwa pili. Wengine walijaza maji ndani ya viatu, kwa kuwa hata msuguano wa nguo kavu mahali pengine pa mwili uliwasha moto ule upya.

Jambo jingine Mitchell aliliona, na sisi tulio katika kazi ya jeshi tunalitilia mkazo. Maumivu hayo yalibadilisha tabia. Mtu mpole akawa mkali, mtu shupavu akawa mwoga, na askari aliyesimama imara mbele ya mizinga akatetemeka mtu alipokisogelea kitanda chake. Usingizi ulimtoka, chakula kikamkinai, uso ukakunjamana kwa wasiwasi. Mitchell aliandika wazi kwamba mabadiliko hayo yalitokana na maumivu. Leo tungesema kwamba maumivu ya kudumu na huzuni kuu hulala kitanda kimoja, na ni vigumu kumtibu mmoja ukimwacha mwenziwe.

Hapa ndipo lilipokuwa suala lenyewe lenye uzito. Jeshi lolote huwa na wategeaji. Katika vita vile walikuwako waliojifanya vipofu, mabubu au waliopooza, ili wasirudishwe mstari wa mbele. Afisa aliyemwona mtu mwenye kovu lililopona akilalamika kuwa anaungua alikuwa na kila sababu ya kumshuku. Mitchell na wenzake hawakulikwepa jambo hilo. Mwaka 1864 walitoa maandishi maalumu juu ya namna ya kumtambua anayejisingizia ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Njia mojawapo ilikuwa kumpa dawa ya usingizi ya etha: aliyejifanya amepooza huanza kurusha mkono anapozinduka, na aliyejifanya bubu huanza kusema kabla hajakumbuka kunyamaza.

Lakini upanga huo ulikata pande mbili. Kwa kuwa walijua kumtambua mwongo, neno lao lilikuwa na nguvu walipotamka kwamba fulani si mwongo. Waliweza kuonyesha ngozi iliyobadilika, kucha zilizopinda, viungo vilivyokakamaa, na mkondo wa mshipa ambamo risasi ilipita. Askari waliokuwa karibu kuhesabiwa kuwa wategeaji wakatambuliwa kuwa majeruhi. Wahenga wamesema adhabu ya kaburi aijua maiti. Mitchell alikuwa miongoni mwa waganga wa kwanza waliokubali kumwuliza maiti huyo habari za kaburi lake. Mwaka huohuo wa 1864 madaktari hao watatu walitoa kitabu juu ya majeraha ya risasi na madhara mengine ya mishipa ya fahamu, nacho kikawa msingi wa elimu hiyo.

Je, waliwatibu kwa nini? Walitumia vitambaa vya maji, walikanda misuli, walitumia umeme hafifu, na zaidi ya yote walitumia mofini kwa sindano chini ya ngozi, njia iliyokuwa bado mpya. Sindano zilipigwa kwa maelfu. Mwaka 1865 walichapisha uchunguzi wao juu ya jinsi mofini na atropini zinavyopingana mwilini. Mofini iliwapa wagonjwa saa chache za amani, ila ilidai malipo yake: mwili uliizoea, kipimo kikapanda, na si wachache waliotoka vitani wakiwa watumwa wa dawa. Tangu siku zile waganga wametamani dawa itakayotuliza mishipa iliyoharibika bila kumfunga mtu minyororo.

Fumbo la pili lilikuwa la ajabu kuliko la kwanza. Waliokatwa mikono na miguu waliendelea kuihisi. Ambroise Paré, mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa, alikuwa amekwisha kulitaja jambo hilo katika karne ya 16, lakini Mitchell ndiye aliyelihesabu na kulipa jina ambalo twaweza kulitafsiri kuwa kiungo mzuka. Kati ya watu 90 waliokatwa aliowauliza, 86 walikihisi kiungo kisichokuwapo. Mmoja alihisi vidole vimekunjwa ngumi hata kucha zinachoma kiganja, na kiganja chenyewe hakipo. Mitchell alikisia kwamba mishipa iliyobaki katika kigutu huendelea kupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo huzipokea kana kwamba kiungo kingali mahali pake. Elimu ya leo imeongeza mengi, hasa juu ya sehemu ya ubongo wenyewe, ila mwelekeo wake haukuwa mbaya.

Habari hizo za kiungo mzuka zilitoka kwanza kwa njia isiyo ya kawaida. Mwaka 1866, katika jarida la Atlantic Monthly, ilitokea hadithi isiyo na jina la mwandishi, juu ya afisa aitwaye George Dedlow aliyepoteza mikono na miguu yote minne vitani. Hadithi ilikuwa ya kubuni, na mwishoni miguu yake inamrudia kwa dakika chache katika kikao cha kuwaita mizimu. Hata hivyo wasomaji wengi waliisadiki. Wapo waliotuma fedha za kumsaidia, na wapo waliokwenda hospitali kumtafuta. Mwandishi alikuwa Mitchell. Miaka michache baadaye, mwaka 1871, aliandika waziwazi juu ya jambo hilo, na mwaka 1872 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya majeraha ya mishipa ya fahamu na matokeo yake, ambacho kilifasiriwa kwa Kifaransa mwaka 1874.

Mitchell aliomba mara mbili kiti cha ualimu wa elimu ya viungo katika vyuo vya Philadelphia, na mara zote mbili alikosa. Basi akaingia katika hospitali ya magonjwa ya mishipa ya fahamu ya mjini humo, akaifanyia kazi kwa miaka mingi, na sifa zake zikaenea pande zote za nchi. Mshairi Walt Whitman ni mmoja wa waliokwenda kwake kutibiwa. Mwaka 1896 alionja mwenyewe mmea wa peyote ili ajue unavyougeuza ubongo, akaandika aliyoyaona.

Si haki kumwandika mtu kwa wema wake pekee. Mitchell alibuni tiba ya mapumziko kwa watu waliochoka mishipa na kulemewa na huzuni, akaieleza katika kitabu cha mwaka 1877. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke, alilazwa kitandani kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, akalishwa maziwa na vyakula vingi, akakandwa, akatengwa na jamaa zake, wala hakuruhusiwa kusoma au kuandika. Wengine walipata nafuu. Wengine waliumia. Mwandishi Charlotte Perkins Gilman, aliyetibiwa naye mwaka 1887, alikaribia kupoteza akili, na mwaka 1892 akatoa hadithi mashuhuri ya kuishutumu tiba hiyo. Ni jambo la kushangaza, nalo ni la kufunza, kwamba daktari aliyewasikiliza askari kwa subira kubwa namna ile hakuwasikiliza vivyo hivyo wanawake waliomwambia kwamba kunyamazishwa ndiko kunakowaumiza.

Katika uzee wake alijulikana zaidi kama mtunzi wa riwaya na mashairi, na riwaya yake ya mwaka 1897 juu ya vita vya uhuru wa Marekani ilisomwa sana. Hata hivyo wagonjwa wa Turner's Lane hawakusahauliwa. Mwanawe John, ambaye naye alikuwa daktari, aliwatafuta baadhi yao, na mwaka 1895 akachapisha habari zao. Miaka 30 baada ya vita, wapo waliokuwa bado wanaumwa. Weir Mitchell alifariki mjini Philadelphia tarehe 4 Januari, 1914, akiwa na umri wa miaka 84. Miezi michache baadaye Vita Vikuu vya Kwanza vilianza, na hospitali za Ulaya zikajaa majeruhi wa aina ileile.

Sasa tuangalie mbegu aliyoipanda ilimea wapi. Mwaka 1956 daktari Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, aliwapa wagonjwa wa akili dawa iliyoitwa baadaye imipramini. Haikuwafaa waliosikia sauti zisizokuwapo, lakini iliwainua waliolemewa na sonona, yaani ile huzuni kuu isiyoondoka. Mwaka 1960 madaktari wa Ufaransa wakaripoti kwamba dawa hiyo ya sonona yapunguza pia maumivu. Ndugu yake, amitriptilini, ikaingia sokoni, na utafiti ukaendelea. Mwaka 1982 madaktari wa Kanada walionyesha kwamba amitriptilini hushinda kidonge kisicho na dawa katika maumivu yanayobaki baada ya ule ugonjwa wa malengelenge tunaouita mkanda wa jeshi. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa wagonjwa wa kisukari ambao mishipa ya miguu yao imeharibika, wakakuta kwamba huwasaidia hata wasio na sonona.

Jibu hilo la 1987 lina uzito mkubwa. Kama dawa ingepunguza maumivu kwa kuchangamsha moyo tu, isingemfaa mtu ambaye moyo wake hauna huzuni. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kutoka kwenye ubongo zinashuka njia hadi uti wa mgongo, ambazo kazi yake ni kuzuia habari za maumivu zisipande zote. Njia hizo hutumia kemikali za mwili ziitwazo noradrenalini na serotonini. Dawa hizi huzifanya kemikali hizo zikawie pale zinapohitajika, na hivyo mlinzi wa lango hupata nguvu. Kwa maumivu, kipimo cha amitriptilini mara nyingi huwa kidogo kuliko kile cha sonona.

Hata hivyo tusiipambe dawa kuliko ilivyo. Tathmini ya majaribio mengi iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kwamba kwa dawa za kundi la amitriptilini, watu wapata 4 hutibiwa ili mmoja apate nafuu ya nusu ya maumivu ambayo asingeipata kwa kidonge kitupu. Kwa kundi la duloksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004, ni watu 6 au 7. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza waliwafuata wagonjwa 130 wa kisukari, wakakuta amitriptilini, duloksetini na pregabalini hazizidiani sana, na kwamba ambaye dawa moja haikumtosha alipata faida kidogo alipoongezewa ya pili. Mwaka 2023 tathmini kubwa ya majaribio 176 juu ya maumivu ya kudumu ya kila namna iliiweka duloksetini mbele kwa uthabiti wa ushahidi, ikasema ushahidi wa nyingine nyingi ni dhaifu, na kwamba faida za muda mrefu hazijathibitika.

Tena si kila dawa ya sonona hutuliza mishipa. Fluoksetini, ambayo hugusa serotonini zaidi, ilijaribiwa mwaka 1992 kwa wenye kisukari, nayo haikushinda kidonge kitupu. Kiungo mzuka chenyewe kimekuwa mkaidi: jaribio la mwaka 2004 kwa watu 39 waliokatwa viungo halikuonyesha faida ya amitriptilini. Na katika magonjwa mengine ya kudumu, sonona yenyewe haitii amri kila mara. Mwaka 2017 dawa ya setralini ilijaribiwa kwa watu 201 wenye ugonjwa wa figo uliokomaa pamoja na sonona, na haikuwafaa kuliko kidonge kisicho na kitu.

Wasomaji wetu, kwa nini tumewachosha kwa habari za mtu wa mbali? Ni kwa sababu wagonjwa wa Mitchell wamo miongoni mwetu. Nchi zetu za Maziwa Makuu zimeona vita, na wapo wanaume na wanawake wenye vigutu ambao usiku huamshwa na mguu usiokuwapo. Wapo wazee wenye kisukari ambao nyayo zao zinaungua shuka linapozigusa. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuitwa waongo au waliorogwa. Wengine hupewa amitriptilini, wakasoma kwenye karatasi kwamba ni dawa ya sonona, wakaitupa kwa hasira wakidhani daktari amewaona wendawazimu. Waelezwe kwamba kupewa dawa hiyo si kutuhumiwa. Amitriptilini ni dawa ya siku nyingi, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Lakini pia waelezwe masharti yake. Hukausha kinywa, huleta usingizi na kizunguzungu, huweza kufunga mkojo wa wazee, na ni ya hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Ikimezwa nyingi huua. Kwa hiyo iwekwe mbali na watoto. Haifanyi kazi kwa siku moja, bali huhitaji wiki kadhaa, wala isikatwe ghafla bila kumwuliza mganga. Kununua dukani kwa kuiga jirani ni kuchezea moto.

Kwa wakubwa wa vikosi, wakuu wa familia na waganga wa zahanati, maisha ya Weir Mitchell yana agizo moja. Anayelalamika asikilizwe kwanza, achunguzwe pili, ndipo ahukumiwe. Kovu lililofunga si hati ya kupona. Aliyetoa mkono wake kwa ajili ya nchi asidaiwe pia ushahidi wa machozi, na mama anayesema miguu yake inawaka asiambiwe kwamba ni mawazo tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wajibu wetu sisi tulio wazima ni kumwuliza aliyelala.